Maji ya Jana

Haki ya nani, hadithi hii ni kweli tupu kuanzia kichwa hadi mkia, na anayedhani nimeitia chumvi na aje aionje. Mimi mwenyewe simo humu. Huyo fundi wa mafriji mtakayekutana naye mbele, mrefu, mwenye mabega mapana na meno yake yote, ni mtu mwingine kabisa, niliyebahatika tu kumfahamu kwa karibu. Na kwa kuwa mambo yenyewe yalitokea katika chumba cha chupa, naapa kwa sheria ya chumba hicho: atakayekamatwa na uongo ataosha chupa chafu zote za wiki, peke yake, bila kununa. Sheria hiyo ilikuwepo kabla ya mlango kutiwa kitasa. Haya, tusikilizane.

Mama Chupa alikuwa amestaafu, ila miguu yake haikuwa na habari. Kila asubuhi ilimshusha kitandani, ikaingia yenyewe kwenye viatu vya raba, ikampeleka hadi kituo cha samaki kule mwisho wa barabara ya matofali.

"Shikamoo, Mama," mlinzi wa geti alimwambia. "Si tulikuaga kwa keki?"

"Marahaba. Keki mliila nyinyi, mimi nikaachiwa kipande cha pembeni chenye karatasi. Bado nadai kuagwa. Fungua."

Alichokifuata kilikuwa kwenye chumba cha mwisho, kile chenye dirisha linalotazama mabwawa. Chumba hicho kilikuwa na sinki mbili za saruji zilizolika pembeni kwa viwiko vya watu, feni yenye panga moja lililopinda ambalo lilisema "taka-taka-taka" mchana kutwa, na stuli iliyovikwa mto ulioshonwa kwa gauni alilovaa Mama Chupa alipokuwa bado na kiuno. Ukutani kulikuwa na msumari wenye kikombe cha bati kisichonywewa na mtu tena. Na pembeni, friji kuukuu waliyoiita Bi Kikohozi, maana kabla haijaanza kuunguruma ilikohoa kwanza kama mama mkwe anayetangaza kwamba anaingia.

Karibu na Bi Kikohozi kulikuwa na kabati la chupa. Si chupa za kusimama. Ni chupa bapa zinazolazwa ubavu, na ndani ya kila moja maji membamba ya rangi ya waridi, ya kina cha ukucha. Ukiiangalia kwa macho, utaona maji tu. Ukiiweka chini ya darubini, utaona umati: seli za duara, zinazong'aa, nyingine zimetoa vijimguu zikitambaa kama watu wanaotafuta miwani gizani. Zilikuwa seli nyeupe za damu, askari wa mwili, na zote zilitoka kwa kambare mmoja aliyeitwa Sharubu. Sharubu alishakufa zamani. Seli zake hazikupata taarifa. Ziliendelea kujigawa, moja kuwa mbili, mama kuwa binti, chupa hadi chupa, na mkono uliozilisha miaka yote hiyo ulikuwa mkono wa Mama Chupa.

Asubuhi hiyo alimkuta Daktari amekaa kwenye stuli yake. Daktari ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo. Lakini alipokuja mara ya kwanza alikuwa msichana mwanafunzi, mwembamba, mwenye mikono ya kutetemeka, na siku hiyohiyo alivunja chupa. Mama Chupa ndiye aliyemfundisha kushika: "Ishike kama unavyomshika mtoto aliyetoka kunyonya. Ukimtikisa, atacheua." Mpaka leo Daktari alimwita Mama, na si kwa heshima ya umri peke yake.

"Mama, kaa kwanza."

"Ukiona mtu anakuambia ukae, ujue kuna msiba. Sema nikiwa nimesimama."

"Tunahama. Jengo jipya limekwisha. Hili litabomolewa."

Mama Chupa alitazama feni, akatazama sinki. "Hilo nalijua. Hata kunguru wa hapa wanalijua. Nimeshaandaa sanduku la wanangu."

Daktari alisugua kipaji cha uso. "Hapo ndipo penye neno. Mtungi wa baridi kali wa kule ni mdogo. Siwezi kuchukua kila ukoo wa seli. Nitachukua zile zinazofanya kazi. Na hizi za Sharubu, Mama, zimekaa chupani muda mrefu mno. Seli zikikaa hivyo, nyingine hubaki hai lakini husahau zilichozaliwa nacho. Kirusi kikiingia, hazishtuki. Hazimwambii mtu."

"Kwa hiyo wanangu ni viziwi."

"Sijasema hivyo. Nimesema sijui."

"Na wakiwa viziwi?"

Jicho la Daktari lilienda lenyewe kwenye ndoo ya dawa iliyokuwa chini ya sinki, ile ambayo kilichoingia humo hakikutoka kikiwa hai. Mama Chupa aliliona jicho.

"Lori linakuja mwisho wa wiki ijayo," alisema Daktari polepole. "Tuzijaribu, Mama. Zikionyesha kwamba bado zina masikio na mdomo, zinapanda lori kabla ya kiti changu."

Ndipo Mama Chupa alipokaa.

Ili uelewe kilichomkalisha, lazima turudi nyuma, mpaka mwaka ule wa tauni.

Wakati huo mkuu wa kituo alikuwa mzee mmoja waliyemwita Bwana Darubini, kwa sababu jicho lake la kulia lilikuwa na alama ya duara isiyofutika, kama kikombe kilichoacha maji mezani. Mama Chupa alikuwa binti, ameajiriwa kuosha chupa, na hakuna aliyemwita mama wa chochote. Asubuhi moja waliamka wakakuta mabwawa meupe. Kambare walikuwa wameelea, matumbo juu, bwawa baada ya bwawa, na harufu ilikuwa ya kumfanya mtu aahidi kuacha samaki maisha. Kirusi kiliingia na maji mapya, kikawapitia kama moto wa nyika.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," alisema fundi wa mafriji, aliyekuwa amekuja kumtibu Bi Kikohozi.

"Basi yule pale ni nani?" aliuliza binti wa chupa.

Katikati ya maiti zile, kambare mmoja alikuwa anaogelea kana kwamba amekuja kukagua. Mkubwa, mweusi, sharubu ndefu za mwenyekiti wa kamati. Sasa hapa msikilize vizuri. Fundi hakusita. Alivua viatu, akampa binti amshikie, akaruka bwawani na suruali yake iliyonyooshwa kwa pasi. Kambare akamgeukia. Walipambana, maji yakaruka hadi juu ya mabati, kambare akamburuta fundi akiuzunguka ukingo wote mpaka samadi ya bwawa ikamwingia masikioni, na walipotoka mwishowe haikujulikana nani amemvua nani. Binti alisimama ukingoni, viatu mkononi, akimtazama kwa macho ambayo hayaishii kwenye kushika viatu. Walioana msimu uliofuata.

Bwana Darubini alimtoa Sharubu damu kidogo karibu na mkia, akaiweka chupani, na samaki mwenyewe akapewa pipa lake peke yake, ambamo aliishi kwa jeuri mpaka unene ulipomuua.

"Kwa nini yeye?" binti aliuliza siku moja wakinywa chai, yeye na Bwana Darubini, mlango umefunguliwa ili upepo wa mabwawa uingie. Bwana Darubini alikuwa na kikombe chake cha bati, na mkate wa kuchovya.

"Kirusi," alisema, "hakina tumbo, hakina miguu, hakina hata aibu. Ni uzi mmoja wa maandishi uliovaa koti. Kinaingia ndani ya seli kama mgeni aliyepita kusalimia, kinavua koti, kinakalia kiti cha mwenye nyumba na kuanza kuagiza: nichapie nakala, nichapie nakala. Mwenye nyumba anachapa mpaka anapasuka."

"Na haoni kwamba huyo si ndugu?"

"Hapo sasa ndipo penye utamu! Ndani ya seli kuna walinzi. Hawana macho, wanapapasa. Wanapapasa kila uzi unaopita. Uzi wa nyumbani wanaujua. Wa kirusi umesukwa vingine, mara nyingi umejipanga wawili wawili, na nyumbani hawasuki hivyo. Mlinzi akiugusa tu anaruka: huyu si wa kwetu!"

"Anamkamata?"

"Pengine ameshachelewa. Lakini anapiga mbiu. Seli inamwaga ujumbe nje, kwenye maji. Ujumbe unafika mlangoni kwa jirani, naye jirani anausikia kabla hajaona kirusi chochote. Anafunga madirisha. Ananoa makasi ya kukatia nyuzi za wageni. Anazima mashine za kuchapia. Kirusi kikija, kinakuta nyumba imejiandaa." Alichovya mkate, nusu ukadondokea kikombeni, akaufuata kwa kidole. "Aliyepiga mbiu mara nyingi anakufa. Waliosikia ndio wanaobaki. Huyu Sharubu wetu, nadhani, seli zake zilipiga mbiu mapema."

"Ikilia mbiu ya mgambo, kuna jambo."

"Hiyo hiyo. Wahenga walikuwa na maabara yao, basi tu hawakutuonyesha."

Siku zile za kwanza seli zilikufa ovyo. Kila walipomwaga maji ya zamani na kutia mapya, zilijikunja na kufa, chupa nzima. Binti alijaribu kubakiza. Alimwaga maji ya zamani karibu yote, akaacha funda moja, kisha akatia mapya. Zikaishi. Alipoanzisha chupa ya mtoto, alichota funda la maji ya chupa ya mama akaliongeza. Zikanenepa. Bwana Darubini alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Unawapa harufu ya kwao," alisema. "Hata mimi nikilala ugenini nataka mto wangu." Tangu siku hiyo chumba kizima kiliita funda hilo maji ya jana, na mkono wa binti ukalizoea hata ukawa haumuulizi. Akawa Mama Chupa. Bwana Darubini akazikwa. Fundi akaendelea kumtibu Bi Kikohozi, ambaye kwa miujiza aliharibika kila zamu ya Mama Chupa na kupona zamu ikiisha. Wanafunzi walikuja na kuondoka. Ndani ya kabati, zilizoanza asubuhi ile ya mabwawa meupe ziliendelea kujigawa. Katika jengo lile zima, ndizo peke yake zilizokuwa bado zinafanya kazi ileile na watu walewale, yaani na yeye.

Hizo ndizo zilizokuwa zinatazamana na ndoo.

Jaribio lilipangwa hivi, na Daktari alilieleza mara mbili ili pasiwe na fujo. Chupa ya mama ingetiwa vipande vya kirusi kilichouawa. Maiti haiwezi kuchapisha nakala, lakini uzi wake bado unapapasika. Kama walinzi wangali macho, seli zitapiga mbiu, na maji ya chupa ile yatajaa ujumbe. Kisha maji hayo yatapewa chupa ya binti iliyofungwa uzi mwekundu shingoni. Chupa nyingine, ya uzi mweupe, itapewa maji mapya tu, isiambiwe chochote. Halafu zote mbili zitatiwa kirusi hai.

"Kirusi hai kina hila," alisema Daktari. "Kikiingia ghafla, kinaiziba seli mdomo kabla haijapiga kelele. Kwa hiyo ya uzi mweupe inatakiwa kufa. Ya uzi mwekundu, kama imesikia mbiu, itaishi. Mimi pembeni nitaweka chupa ya seli za samaki mwingine, zile bubu tunazozijua, ili nione kama kirusi chenyewe kiko hai."

"Na nani atazishika?"

"Wewe, Mama. Zikishikwa na mtu mwingine zinanuna."

Mama Chupa alifanya kazi kama anayepika chakula cha mkwe. Alinawa mpaka viwiko, akawasha moto wa gesi, akapitisha shingo za chupa juu ya ndimi zake, akanyonya maji kwa mrija, akayamwaga taratibu ukutani mwa chupa yasiwapige wanawe kichwani. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Daktari alidhani ni dua. Pengine ilikuwa dua.

Siku ya kutazama, makarani walikuwa wameshaanza kuondoa meza kwenye vyumba vingine. Daktari aliinama kwenye darubini. Chupa ya seli bubu: zote zimepasuka, kama povu la sabuni lililokaa juani. Kirusi kilikuwa hai, tena kikali. Uzi mwekundu: seli nzima, zinang'aa, zimetoa vijimguu. Mama Chupa alishika pembe ya meza. Uzi mweupe.

Daktari aliangalia. Akasogeza. Akaangalia tena.

"Zipo hai," alisema.

"Alhamdulillahi!"

"Hapana, Mama. Hizi hazikutakiwa kuwa hai."

Feni ikasema taka-taka-taka.

"Kama zote mbili ziko hai," Daktari alisema, sauti yake ikiwa ya chini, "basi mbiu haihusiki. Maana yake kirusi hakiingii kabisa kwenye seli hizi. Miaka ya chupani imezibadilisha. Zimefunga mlango kwa saruji. Si viziwi tu, zimekuwa mawe. Siwezi kujifunzia ugonjwa kwa jiwe." Akamshika bega. "Pole, Mama yangu. Nitaziacha humu mpaka lori lije. Mwenyewe utaamua saa ya..."

"Ya ndoo."

"Ndiyo."

Nyumbani, Mama Chupa alikoroga chai ambayo hakuitia sukari. Mumewe, yule fundi, alijaribu vichekesho vyake vyote, hata kile cha friji na padre, ambacho kwa kawaida humtoa machozi.

"Mwenzangu," akasema mwishowe, "tulikuwa na watoto watatu, wote wamehama, na hukuwa hivi."

"Watoto wanapiga simu," alisema Mama Chupa. "Hawa nikiwamwaga, nani atanikumbusha kwamba nilikuwa na kiuno?"

"Mimi nipo."

"Wewe unakumbuka vitu ambavyo havikutokea."

Fundi akamsogezea sukari. Maneno mengine yanamchoma mtu mahali panapostahili.

Kesho yake alienda kuwalisha. Hakuna aliyemwambia alishe. Seli zenye hukumu hazihitaji chakula. Lakini hata mtu anayesubiri basi la mwisho hula kitu. Daktari alikuwa mlangoni na mkanda wa kufungia maboksi, akimtazama, na moyoni alikuwa anaaga chumba. Alitazama mkono ule uliomfundisha kazi: umeshika shingo, umepita motoni, umemwaga maji ya zamani, umetia mapya, kisha, bila kupumzika, umeelekea chupa ya mama, umechota funda moja, umeliongeza.

Mkanda ulimdondoka Daktari.

"Mama. Umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Hapo. Sasa hivi. Umeongeza nini?"

"Maji ya jana. Kwani leo ndiyo unaona? Nilikufundisha mwenyewe, ukasema ni uchawi."

"Siku ya jaribio... chupa ya uzi mweupe ulipoitia maji mapya..."

Mama Chupa alifungua mdomo kusema hapana. Mdomo ukabaki wazi. Aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mtoto aliyekutwa na sukari puani.

"Ulichota kwenye chupa ya mama," Daktari alisema. Sasa alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa karibu. "Chupa ya mama, ambayo ilikuwa imeshatiwa vipande vya kirusi! Ambayo ilikuwa inapiga mbiu! Funda moja tu, Mama. Umewaambia! Nilikuambia wasiambiwe, wewe umepita mlango wa nyuma ukawanong'oneza!"

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia! Mkono wako hauwezi kumwacha mtu bila habari!"

"Kwa hiyo hawajawa mawe."

"Wana mdomo na masikio, tena ya kusikia funda moja. Mimi ndiye niliyekuwa kiziwi." Kisha akakunja uso. "Lakini sijui bado. Nadhani. Lazima turudie, na safari hii ya uzi mweupe naishika mimi. Wewe utakaa kwenye stuli, na mikono utaikalia."

Hapo ndipo Mama Chupa alipouona upande wa pili wa jambo, na ulimuuma. Ili kuthibitisha kwamba ndugu wanasikia, chupa moja ya ndugu lazima isiambiwe. Chupa hiyo itakufa, na itakufa kwa sababu yeye amekaa juu ya mikono yake.

"Hakuna njia nyingine?" aliuliza.

"Hakuna, Mama. Nikiikuta ikiwa hai tena, sina cha kumwambia mtu yeyote kule."

Alikaa. Mikono chini ya mapaja, kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa. Daktari alitia maji mapya kwenye chupa ya uzi mweupe, hata tone la jana halikuwemo. Mkono wa kulia wa Mama Chupa ulitaka kutoka. Aliukalia kwa nguvu zaidi. "Samahanini," aliziambia seli zile, kwa sauti ambayo Daktari aliamua kutoisikia.

Lori lilikuja kabla ya majibu. Wabebaji walimtoa Bi Kikohozi wa watu, naye kwa heshima ya mwisho akakohoa ingawa waya ulikuwa umeshachomolewa. Hilo niliambiwa na fundi, na fundi hasemi uongo. Walitoa stuli. Walitoa feni. Chumba kilibaki na sinki mbili, msumari wenye kikombe cha bati, meza moja, darubini moja na wanawake wawili.

"Dada, hii meza nayo inapanda?" aliuliza mbebaji.

"Subiri," walisema wote wawili kwa mpigo.

Daktari aliinama. Uzi mweupe: povu lililokatika. Magofu. Hakukuwa na hata seli moja iliyobaki na umbo. Alisogea ili Mama Chupa aone mwenyewe, naye aliona, akatikisa kichwa kama anayepita karibu na kaburi. Kisha chupa ya uzi mwekundu. Mama Chupa hakumsubiri Daktari. Alijisukumia mwenyewe jicho kwenye darubini.

Umati. Duara, angavu, vijimguu nje, zinatambaa zikitafuta miwani. Kama asubuhi ile. Alisikia harufu ya mabwawa, chai, mkate uliolowa, sauti ya mtu anayeufuata kwa kidole ndani ya kikombe. Alibaki ameinama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na alipoinuka, jicho lake la kulia lilikuwa na duara.

"Una alama," Daktari alisema, akimgusa chini ya jicho.

"Ya nani?"

"Ya Bwana Darubini."

Sanduku la chupa lilipanda lori mbele, mapajani mwa Mama Chupa, kabla ya kiti cha Daktari, kama alivyoahidiwa. Kikombe cha bati kilikuwa mfukoni mwake. Wakipita getini, mlinzi alimpungia mkono akamwambia kwamba leo kweli wameagana, na Mama Chupa akamjibu kwamba hata leo hakuona keki.

Hapo ndipo hadithi inapoishia, na ingeishia kwa heshima, kama mtu mmoja asingekuwa amesimama nyuma ya kiti changu tangu nilipoandika mambo ya bwawa, kikombe cha bati mkononi, akipuliza chai yake sikioni mwangu.

"Rudi juu," anasema. "Hapo penye tauni. Nani aliruka bwawani?"

"Fundi."

"Fundi yupi?"

"Mmoja hivi. Simjui sana."

"Mwanaume wewe! Nani aliyeingia kwenye yale maji na gauni lake la pekee, lile lililokuja kuwa mto wa stuli? Nani aliyemkumbatia yule kambare kifuani mpaka akamgonga kidevu? Na nani aliyesimama ukingoni ameshika viatu vyangu, anapiga kelele 'Kulia, kulia!' na samaki yuko kushoto?"

"Mwiba wa kambare ni mkali, mke wangu. Kulikuwa na haja ya mtu wa kuelekeza."

"Na mabega mapana?"

"Kwenye koti yalikuwa mapana."

"Na meno yote?"

"Yapo yote. Mengine yako kwenye glasi."

Hakucheka. Alikwenda kwenye simu, akampigia Daktari, na nilisikia kicheko cha Daktari hadi upande huu wa chumba. Jengo jipya lina mashine ya kuoshea, alisema, lakini kwa mtu aliyeapa kwa sheria ya chumba cha chupa, mashine inaweza kupumzika wiki nzima.

Kwa hiyo naandika mistari hii ya mwisho nikiwa nimeketi kwenye stuli ya mto wa gauni, mikono imekunjamana kwa maji, brashi ya shingo ndefu pembeni, na mlima wa chupa bapa mbele yangu. Mama Chupa yuko kwenye kabati, anawalisha wanawe, na mkono wake unafanya lile funda bila kumuuliza. Mara kwa mara anageuka kunikagua.

"Hiyo bado," anasema. "Suuza tena. Kwenye chupa ya kuoshwa halibakishwi hata tone la jana."

"Kidogo tu, la kumbukumbu?"

"Kumbukumbu niachie mimi. Zako tumeshaziona. Suuza."

Nasuuza.